Goti la Byamungu

Kazi yangu ilikuwa kutazama miguu ya wanaume. Chekeni kwanza, mmalize, halafu tuendelee. Kwa miaka karibu kumi nilikaa peke yangu katika chumba juu ya duka la mapazia pale Kings Heath, hapa Birmingham, nikitazama jinsi vijana wakubwa wa Marekani wanavyorudi nyuma hatua tatu, na kuandika kama wanarudi vizuri au vibaya. Kikundi chenu cha vijana kanisani kimewaomba wazee waandike juu ya kazi zao, na mimi nimeambiwa niandike kitu cha kutia moyo. Nitaandika kilichotokea, moyo mtajitia wenyewe. Najua nusu yenu mtampelekea mama awasomee, maana Kiswahili mnakisikia lakini kujibu mnajibu kwa Kiingereza. Mwambieni asome polepole.

Mpira ninaousema si huu wenu. Ni ule wa Marekani, wa kofia ngumu na mabega ya kuvimba. Katika mchezo ule kuna mtu mmoja anayerusha mpira, na upande wa pili wote wanataka kumwangusha kabla hajaurusha. Kwa hiyo anawekewa walinzi watano mbele yake. Wawili wa mwisho, mmoja kila upande, wenyewe wanawaita tackle. Mimi nitawaita walinzi wa pembeni. Yule wa kushoto ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu mrushaji akijiandaa kurusha humpa mgongo. Mlinzi huyu hagusi mpira, wala hafungi chochote. Akifanya kazi yake sawasawa mchezo mzima, hakuna anayemtaja. Akikosea mara moja, mrushaji yuko chini, na uwanja wote unaisoma namba yake ya mgongoni. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilisema moyoni, huyu ni mimi.

Vijana hawa huchezea vyuo vikuu. Kisha kila mwaka, mwezi wa nne, klabu za kulipwa hukaa pamoja na kuwachagua kwa zamu wale zinaowataka. Siku hizo huitwa draft. Ukichaguliwa, maisha yamegeuka. Usipochaguliwa, unarudi kwenu na mwili mkubwa kama kabati, na hakuna kazi nyingine inayouhitaji. Kwa hiyo kabla ya draft kila klabu inataka kujua kila kitu: nguvu zake, akili yake, nyumbani kwao, na kama kuna mahali anaumia. Kuna watu kazi yao ni kuandika ripoti za mambo hayo. Nilikuwa mmoja wao, na siamini kulikuwa na Mkisii mwingine.

Niliingiaje? Kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa msaidizi wa mazoezi ya viungo hospitalini, yule anayetembea na mgonjwa kwenye korido baada ya upasuaji wa nyonga na kumwambia, haya, mguu mwingine. Siku moja nikapewa mzee wa Kimarekani aitwaye Walt. Alikuwa kocha wa kujitolea wa timu ya mpira huo huko Longbridge, timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha magari na wanafunzi wawili watatu, na nyumbani alikuwa akiandikia ripoti ofisi moja ya Marekani iliyohudumia klabu kadhaa. Walt alijigamba kwamba haumwi hata kidogo. Nikamwambia, “Kocha, unanidanganya. Kidole gumba cha mguu wako kimejikunja.”

Akasimama palepale. “Umekiona? Kwenye soksi?”

“Soksi imekunjamana upande mmoja.”

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani aliniachia karatasi yenye anwani yake, na chini ameandika: njoo Jumamosi, nina televisheni.

Kosa langu la kwanza nililifanya Jumamosi hiyohiyo. Alinionyesha mchezo mzima, akaniuliza mlinzi wa kushoto alikuwaje. Nikasema alikuwa hodari sana, timu yake imeshinda. Walt akacheka mpaka mkewe akaja kuona kulikoni. “Wewe umetazama mpira,” akasema. “Watu elfu hamsini uwanjani wametazama mpira. Sihitaji mtu wa elfu hamsini na mmoja.” Siku iliyofuata nilikwenda na leso yangu ya kujifunga, ile nyekundu ya maua, nikaibana juu ya televisheni kwa vibanio vya nguo mpaka ikafunika nusu ya juu ya kioo. Ikabaki nyasi na miguu. Walt aliitazama ile leso, akasema, “Miaka thelathini nimekuwa nikiziba kwa mkono.”

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Sasa niwape ufundi wenyewe, bure, ingawa mimi ulinigharimu.

Mpira ukianza tu, mlinzi wa kushoto anasukuma kwa mguu wa kulia, na mguu wa kushoto unakwenda nyuma na pembeni, kwa hatua fupi fupi, karibu na ardhi, kama mtu anayefagia. Miguu isigusane. Isipishane. Ikipishana hata mara moja, andika. Magoti ndiyo yanayopinda, si kiuno. Anayepinda kiuno ni mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, na adui atampita. Mikono isitoke mapema. Anayetoa mikono mapema ana woga, na woga haufundishiki. Usimtazame kipindi cha kwanza tu, kila mtu ni hodari akiwa hajachoka. Mtazame mwisho, timu yake ikiwa inashindwa na hakuna sababu ya kujituma. Kisha, na hili Walt aliniambia kila wiki, mtazame baada ya filimbi. Mchezo umesimama, kamera bado inaendelea sekunde tatu nne. Hapo ndipo mwili unaposema ukweli, kwa sababu unadhani hauangaliwi.

Na angalieni namba! Kuna ripoti niliyoiandika kurasa mbili nzima juu ya kijana mwenye namba sabini na nne, nikamsifu, nikasema achukuliwe mapema. Walt akanipigia simu, akasema, “Kerubo, umenitafutia mchezaji mzuri sana. Ila ni wa timu nyingine.” Timu zote mbili zilikuwa na sabini na nne, na mimi niliinua ile leso kidogo tu kusoma namba, sikuangalia rangi ya jezi.

Kanisani watu walijua tu kwamba nafanya “kazi ya kanda.” Wakadhani napiga video za harusi. Nilikataa mara mbili, ya tatu nikaona aibu, nikaenda na kamera ya kuazima kwenye harusi ya watu wa Uvira, kule Kongo. Familia ilipoketi kuitazama, walimwona bibi harusi kuanzia magotini kwenda chini. Viatu vya wageni wote vimo. Hakuna uso. Sikuombwa tena.

Mke wa Walt alipofariki, Walt akarudi kwao Marekani, na mwaka uliofuata akafariki na yeye. Ofisi ile ikaniandikia kwamba naweza kuendelea kama nataka. Nikaacha hospitali, nikaendelea. Na hapa niwaambie jambo ambalo wazee wenzangu hawatawaambia wanaposifu kazi zao: nilikuwa mpweke mno. Bahasha ya kanda za michezo inaletwa na posta, natazama, naandika, natuma. Bosi wangu nilimjua kwa sauti tu. Sikuolewa, sikuzaa, ndugu zangu wako Nyamira. Kulikuwa na wiki ambazo mtu pekee aliyelitamka jina langu ni mwenye duka la mapazia, naye alilitamka vibaya. Niliwajua vijana wengi wa Marekani kuliko mama zao walivyowajua. Nilijua nani ana kisigino kibovu, nani hulia kwenye benchi. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba kuna mtu anaitwa Kerubo.

Siku yangu ya watu ilikuwa Jumapili. Tulikodi ukumbi kule Bordesley Green, ibada inaanza saa nane mchana kwa sababu asubuhi ni ya wenye ukumbi. Wakongo upande mmoja, sisi Wakenya wauguzi na walezi wa wazee upande mwingine, na katikati mwanamke mmoja aliyekuwa akiniwekea kiti kwa mkoba wake. Huyo ndiye Mama Byamungu. Alitoka Bukavu na mtoto mmoja baada ya kuzika wengine, na alikuwa akisafisha ofisi mjini alfajiri. Kila Jumapili swali lake la kwanza kwangu lilikuwa moja, “Mama Kerubo, umekula?” Hakungoja jibu. Alikuwa ameshaweka sombe, yale majani ya muhogo, kwenye kopo la aiskrimu, amelifunga na mfuko mara mbili. Wiki inayofuata nalirudisha lile kopo na kitu ndani, ndizi za kupika au wimbi kidogo, kwa sababu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Makopo hayo ndiyo yaliyokuwa yakinihesabia wiki.

Mtoto wake, Byamungu, sikuwahi kumwona uso kwa uso. Alikua hapa Bordesley Green akawa mkubwa kupita milango, akachezea timu ya zamani ya Walt muda mfupi, chuo kimoja cha Marekani kikamchukua kabla sijahamia kanisa hili. Mama yake alijua anacheza “ile mpira ya kupigana” na kwamba siku moja watamchagua. Hakujua kuchaguliwa kwenyewe kukoje. Nami sikumwambia kwamba najua.

Mwezi wa tatu mwaka ule ikaja bahasha yenye diski sita, ambazo bado tuliziita kanda. Mlinzi wa kushoto. Jina: Byamungu.

Hapo ndipo palipotakiwa simu moja tu. Ningempigia bosi nimwambie, huyu namjua mamaye, mpe mtu mwingine. Sikupiga. Nilikuwa na kiburi. Nilijiambia, kwa miaka yote hii natazama watoto wa watu nisiowajua. Mara hii kuna mmoja anayenihusu. Nikatundika leso yangu.

Alikuwa mzuri, jamani. Miguu ile ilikuwa haipigi kelele. Michezo mitatu ya mwanzo nilisahau kuandika, nikawa natazama tu. Halafu mchezo wa nne nikaona kitu. Filimbi imelia, wachezaji wanarudi kupanga, na yeye amesimama ameuegemea mguu wa kushoto, wa kulia ameuacha ukiwa mwepesi, ncha ya kiatu tu ndiyo iko chini. Ule ni mguu wa kusukumia. Mchezo wa tano ikawa vilevile, mara nyingi zaidi. Mchezo wa sita akawa anachelewa nusu hatua adui akizunguka kwa nje. Nimetembea na wagonjwa wa magoti na nyonga miaka kumi na miwili. Nilijua ninachokiona. Lakini niliandika, nikafuta, nikaandika tena, “labda uchovu.” Nilikuwa sina Walt wa kumuuliza.

Jumapili ikafika. Katika ibada yetu kuna saa ya maombi, ninyi mnaijua, ndiyo saa mnayotoka nje kwenda kunywa maji. Mwenye haja anasimama, anaisema, kanisa linafumba macho na kuomba kwa sauti. Mama Byamungu alisimama karibu yangu, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

“Bandugu, niko na ombi. Ni juu ya mutoto yangu Byamungu. Goti yake ya kuume iko namuumiza sana. Analia kwa telefoni, mutu mukubwa vile. Hajaambia makocha, juu bakijua, bataacha kumuchagua. Kweli, vraiment, bandugu, mumuombee. Sina mutu mwingine wa kuambia.”

Watu wakafumba macho. Sauti zikapanda. Niliweka mkono wangu mgongoni mwake, na nikaomba, nawaapia niliomba kweli. Lakini katikati ya maombi yale kuna kitu ndani yangu kilisema: basi nilikuwa sahihi. Na macho yangu yakafunguka.

Nilirudi nyumbani na kopo la sombe nikamaliza ripoti. Fomu yetu ilikuwa na mstari mwisho wa kila jambo: chanzo. Walt alikuwa mkali juu ya mstari huo. Kama umeona kwenye kanda, andika kanda. Kama umeambiwa, andika nani. Usiuache wazi, kwa sababu klabu haitaamini. Nikaandika: goti la kulia lina maumivu, ameyaficha. Kwenye chanzo, kalamu ikasimama.

Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Ningeandika neno moja, kanda, na lingekuwa kweli tupu. Lakini nilikuwa naogopa kukosea, peke yangu kule juu, bila mtu wa kunishika mkono. Nilitaka ushahidi usiopingika. Nikaandika: mama yake mzazi.

Nikatuma. Nikala sombe.

Msinielewe vibaya juu ya sehemu moja. Kuandika kwamba goti ni bovu ilikuwa kazi yangu, na ningeandika hata leo. Mtu wa kilo mia moja na arobaini akisukuma kwa goti bovu miaka mitatu, atazeeka akiwa na miaka thelathini. Hilo silijutii. Ninachojutia ni mstari mmoja.

Draft ilikuwa mwishoni mwa juma, Jumamosi na Jumapili. Kwa saa za huku inaanza jioni mapema. Kanisa lote lilihamia nyumbani kwa Mama Byamungu, nyumba iliyoshikana na za majirani, sebule ndogo, watu mpaka kwenye ngazi. Kompyuta ya kuazima ilikuwa mezani, na vijana walikuwa wakisoma majina kadiri yanavyotoka. Mama alikuwa amepika kama kwa harusi: sombe, samaki, bugali, na maandazi waliyochangia Wakenya. Alivaa kitenge kipya. Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua maana ya kila jina lililosomwa, na kwamba walinzi wa pembeni wameanza kwisha.

“Auntie, is that him?” watoto waliuliza kila jina refu lilipotokea.

“Bado,” nikasema.

Jumamosi ikapita. Mama akasema, “Kesho batamuita. Mungu hana haraka.” Jumapili tulifanya ibada fupi, tukarudi kwenye sebule ileile, chakula kilekile kimepashwa moto. Majina yakaendelea kutoka. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, kila mmoja ana zamu kesho, kila mmoja ana basi la kuwahi. Orodha ilipofungwa tulikuwa tumebaki saba au wanane, na simu ya Mama ikalia. Alibonyeza ili wote tusikie, kwa sababu alidhani ni habari njema imechelewa.

Sauti ya Byamungu ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. “Maman. Uliambia nani?”

“Niliambia nani nini, mwanangu?”

“Goti. Klabu zote ziliniita kwa docteur. Wa kwanza kabisa aliniambia, mama yako anasema linakuuma. Iko imeandikwa, maman. Jina yako iko kwa karatasi.”

Mama alitutazama, mmoja baada ya mwingine, bila kumshuku yeyote, kama mtu anayetafuta miwani yake. “Sikuambia mutu,” akasema. “Niliambia Mungu tu. Na bandugu.”

“Basi usiniombee tena,” akasema Byamungu, na simu ikakatika.

Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiosha ile sahani, nikaosha na nyingine zote, nikaaga kama wengine, nikapanda mabasi mawili mpaka Kings Heath. Haya ndiyo niliyoyafanya.

Siku ya tatu sikuweza tena kuficha. Nilikwenda kwake mchana, nikijua ameshatoka kazini. Alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kazi yangu ni nini hasa, diski, leso, fomu, mstari wa chanzo. Nilipomaliza akauliza swali moja.

“Mbele ya mimi kusema kanisani, wewe ulikuwa umeiona?”

“Nilikuwa nimeiona.”

“Kwa macho yako?”

“Kwa macho yangu, mama.”

“Sasa juu ya nini uliandika jina yangu?”

Nilimwambia niliogopa kukosea. Hata mimi niliposikia maneno hayo yakitoka niliona yalivyo madogo. Aliendelea kuchambua mchele, akitoa vijiwe visivyokuwepo, maana mchele wa dukani hapa hauna mawe, lakini mkono umezoea. Kisha akasema, bila ukali wowote, “Siku ile sisi wote tulifumba macho. Weye ulikuwa umefungua.”

Sikuwa nimemwambia hilo. Nikaenda zangu.

Byamungu alipasuliwa goti mwezi wa sita. Daktari wa chuo alisema ni bahati lilipimwa mapema. Nilisikia hayo kwa mchungaji, si kwa Mama. Kwa mamaye alikaa miezi mingi bila kupiga simu, na kwa mwanamke aliyezika watoto wengine wote, simu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kwenda kazini alfajiri. Mimi nilikuwa nimeichukua. Mwaka uliofuata alirudi Birmingham, akapata kazi ya kuhamisha samani za watu. Niliwahi kumwona mara moja tu, kwenye barabara kuu ya Kings Heath, ameligeuzia mgongo dirisha la duka la nyama. Nilimjua kwa miguu kabla sijainua macho. Alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili, sawasawa. Nilisimama ng’ambo ya barabara nikatazama mpaka akaondoka, na hiyo ndiyo ilikuwa ripoti yangu ya mwisho, ile ambayo sikuiandika. Mwisho wa mwezi niliwaandikia ofisi kwamba nimestaafu.

Kanisani hakuna aliyenifukuza. Mama Byamungu hakumwambia mtu kwamba ni mimi. Mpaka leo asubuhi, ninapoandika haya kwa idhini yake, hamkujua. Ila mkoba wake ulibaki mapajani mwake, na nikahamia safu ya nyuma. Saa ya maombi ikifika alikuwa anasimama, anasema, “Mungu anajua,” anaketi. Wengine nao wakamwiga, bila kujua kwa nini. Miaka miwili kanisa letu likawa la watu wanaosema Mungu anajua na kuketi. Na kopo lake la mwisho la aiskrimu lilikuwa juu ya friji yangu, limeoshwa. Kulirudisha tupu siwezi, kulirudisha na kitu ndani naona ni kama kumlipa.

Kisha nyonga yangu mwenyewe ikaanza. Nilijua kabla ya daktari. Niliona kwenye kioo cha duka jinsi ninavyouacha mguu wa kulia uwe mwepesi. Nikapewa tarehe ya upasuaji, na kwenye fomu ya hospitali kuna mahali pa kuandika jina la mtu wa karibu atakayekuja kukuchukua. Nilikaa na fomu hiyo wiki moja. Hakuna jina lililokuja.

Jumapili iliyofuata, saa ya maombi, nilisimama. Mjue kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nimesikia haja za kila mtu katika ukumbi ule, za ndoa, za makaratasi ya ukimbizi, za magoti, na mimi sikuwa nimesema yangu hata moja. Nilikuwa natazama tu. Nikashika kiti cha mbele kama alivyokuwa akikishika yeye.

“Ndugu zangu,” nikasema, “napasuliwa nyonga Alhamisi. Naogopa. Na sina mtu wa kuandika kwenye fomu. Mimi ni mpweke, nimekuwa mpweke kwa muda mrefu, na sehemu yake nimejitakia. Niombeeni.”

Nikafumba macho. Sauti zikaanza, Wakenya kwanza, halafu zile za Kikongo zikapanda juu yake, na nikasikia viti vikisogezwa na mtu akija kutoka mbele, hatua za taratibu za mtu aliyesimama tangu alfajiri. Mkono ukatua mgongoni mwangu, ukabaki hapo.

Nimewatambua watu kwa miguu maisha yangu yote. Ningefungua jicho moja, kidogo tu, nikatazama sakafuni, ningejua ni viatu vya nani.

Sikufungua.